Ukizipita Mashua Zilizofungwa

Wadi ya Sita, Hospitali ya Wexley
Jumatatu, 2 Aprili 1984

Mpendwa Mavis,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua mara ya mwisho nilikuandikia alipofariki mumeo Reg, na hata hiyo ilikuwa kadi tu. Sasa sina budi, maana sauti imekwisha. Kwanza ilikuwa kama ya jogoo mwenye mafua, sasa haipo kabisa. Nikitaka chai naandika kwenye kibao cha watoto wa shule, na Sista Kealy anakisoma kwa sauti wadi nzima isikie, utadhani nimekuwa kiziwi pia.

Daktari Pargeter anataka kunikata koo. Si kipande, ni chombo chote cha sauti. Anasema bila hivyo sitaiona Krismasi, na lazima iwe mwezi huu huu, kabla ugonjwa haujashuka kifuani. Amenipa karatasi nisaini. Nimemwandikia kwenye kibao: BADO.

Ninachokuomba ni hiki. Dorcas, mashua yangu, amefungwa Pinfold, pale pale niliposhindwa kumeza nikachukuliwa na gari la wagonjwa. Mlete Wexley. Mfereji unapita nyuma ya ukuta wa hospitali, na kitanda changu kiko dirishani, naona maji. Siku nitakayoiona mashua yangu imefungwa hapo chini ndiyo siku nitakayosaini.

Najua utasema nimerukwa na akili. Lakini wewe ndiye uliyeniambia miaka yote hii niliuze "hilo bomba la chuma linaloelea" nije kukaa chumba cha nyuma kwako. Nikisaini sasa nitaamka sina sauti, halafu nitaambiwa na nyumba sina.

Usije kunitazama. Nimewaambia mlangoni wasimruhusu mtu yeyote. Sitaki unione nikifungua mdomo kama samaki.

Kaka yako,
Cyril

*

Ndani ya Dorcas, Pinfold
Jumatano, 4 Aprili

Kaka Cyril,

Nimefika. Paka nimemwachia jirani, nyumba nimefunga, na sasa nimekaa kwenye hiki kijiukumbi chako ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Jiko la makaa limenitoa machozi tangu asubuhi. Choo chako sitakizungumzia kwenye barua.

Yaani kwa basi kutoka hapa hadi kwako ni nusu saa, na mimi niende kwa maji siku nzima na ushee, ili wewe utazame dirishani! Wewe ulikuwa hivi hivi tangu utoto. Mama alikupa jina la mtakatifu ukalipokea kama nyumbu.

Cyril, saini. Saini kwanza, mashua baadaye. Nakuapia kwa jina la Mama, ambalo ndilo jina la hii mashua yenyewe, kwamba siiuzi.

Yule jirani yako Queenie Rudge amekuja kunikagua. Nyonga inamsumbua, anatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi, lakini ulimi uko mzima. Amesimama kwenye njia ya farasi kando ya mfereji na sigara yake, akanitazama viatu.

"Wewe ndo dada'ke?"

"Ndimi."

"Na visigino hivyo? Utaliona lango la maji kwa chini, mama."

Nimemwambia ashughulike na yake. Sijaja hapa kutukanwa.

Jibu kwa posta ya Pinfold. Na saini.

Mavis

*

Wadi ya Sita
Alhamisi, 5 Aprili

Mavis,

Siku ile uliponiapia kwa jina la Mama kwamba hukumla sungura wangu wa chokoleti, ulikuwa na chokoleti puani. Sisaini.

Dorcas si mgumu. Washa injini, mpe muda apate joto. Mlio wake unachechemea: tuku, tuku, tuku, kimya kidogo, tuku. Usimwite fundi, ndivyo alivyozaliwa. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mkono wa usukani kushoto. Kwenye malango, pale maji ya mfereji yanaposhuka kama ngazi, kuna chumba cha mawe: ingia, funga milango iliyo nyuma yako, nenda mbele ufungue vizibo vya matundu ya maji kwa hendeli, maji yatoke, mashua ishuke nayo. Mkia wa mashua usikae karibu na milango ya nyuma. Chini ya maji pale kuna kizingiti cha zege. Mkia ukikikalia wakati maji yanashuka, mbele kutatazama chini na nyuma kutabaki juu, na hapo utajua kwa nini mabaharia husali. Kuna mstari mweupe ukutani. Kaa mbele yake.

Na usiwashe injini kabla ya saa mbili asubuhi mahali watu wamefunga. Watu wa mfereji wanasamehe ulevi na talaka, hilo hawasamehi.

Muombe Queenie akuonyeshe. Ana mdomo mchafu na moyo safi.

Cyril

*

Baa ya Bell, Tunley
Jumatatu, 9 Aprili

Kaka mpendwa,

Hutaamini! Nimefanya! Leo nimeendesha Dorcas kutwa nzima, na sasa tuko Tunley, nusu ya njia.

Siku ilikuwa tamu ajabu. Manyunyu yalikuja na kwenda, dakika hii mvua, dakika ile jua, na kila jua likitoka mfereji mzima unafuka mvuke. Nilisimama nyuma na koti lako la mvua, kikombe cha chai juu ya paa, mkono mmoja kwenye usukani. Bata walitufuata na vifaranga vyao. Mierebi imeanza kuchipua. Ng'ombe walikuja kunywa maji wakanitazama kama niliyezaliwa hapa. Lango la Tunley nalo halikunisumbua hata kidogo. Nilifungua, nikashuka, nikafunga, kazi ya dakika chache.

Kabla ya Tunley kulikuwa na mashua nyingi zimefungwa kando, mlolongo mrefu, zimepakwa rangi na maua. Dorcas alizipita kwa kasi kama upepo, na watu wote wakatoka nje kutupungia mikono. Nilijisikia malkia.

Sasa kaka, mimi nimetimiza nusu yangu. Timiza yako. Mwambie Daktari Pargeter alete karatasi kesho, usingoje nifike. Nusu ya mashua ni kama mashua.

Jibu hapa kwenye baa, wana sanduku la barua za wapitaji.

Dada yako anayekupenda,
Mavis

*

Wadi ya Sita
Jumatano, 11 Aprili

Mavis,

Barua hii nimeituma posta ya Pinfold kwa sababu huko ndiko uliko.

Mara ya kwanza niliisoma ya kwako nikitabasamu. Sista Kealy akauliza, habari njema? Nikaisoma mara ya pili, na tabasamu likaisha.

Dada yangu, hakuna binadamu aliyewahi kupungiwa mkono kwa kuzipita kwa kasi mashua zilizofungwa. Ukipita kwa kasi, maji yanazivuta. Vigingi vinang'oka, sufuria linamwagika jikoni, mzee aliye kwenye ngazi anaanguka. Watu hutoka, ndiyo. Hutoka na matusi. Hili sikukuandikia kwa kuwa hakuna anayelifundisha. Mtu hulijua siku ya kwanza anapotukanwa, na baada ya hapo hulisahau akifa. Ungekuwa umefanya ulichoandika, ungeniandikia ukilia.

Ulinisafirisha vizuri, nakiri. Ule mvuke juu ya maji nimeunusa hapa kitandani. Ndiyo maana imeniuma. Ulinipa siku niliyokuwa naililia, halafu haikuwepo.

Pargeter alikuja jana na wanafunzi wake, wakanitazama kooni kwa zamu kama watu kwenye tundu la ufunguo. Anasema chumba cha upasuaji kina nafasi Alhamisi ya wiki ijayo, kabla ya Pasaka. Baada ya hapo hatanidanganya, anasema, kisu hakitafika ugonjwa uliko. Nimemwandikia BADO, lakini safari hii kwa herufi ndogo, na akaona.

Kama huwezi, andika siwezi. Nitaelewa. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Cyril

*

Pinfold, kweli
Alhamisi, 12 Aprili

Cyril,

Siwezi. Haya, nimeandika.

Niliwasha injini siku ya Ijumaa. Nikafungua kamba ya mbele, na mbele ikaanza kwenda zake yenyewe, polepole, kama mlango uliosukumwa na mtu usiyemwona. Nikaogopa. Nikaivuta, nikaifunga tena, nikazima, nikaenda kukaa kwenye kitanda chako. Kisha nikapanda basi mpaka Tunley, nikakaa dirishani pale Bell na glasi ya sheri, nikatazama mashua za wengine zikipita mvuani. Ng'ombe ni wa kweli. Bata ni wa kweli.

Hukuniuliza kwa nini nilidanganya. Nakuambia. Reg naye alisema ngoja kwanza. Tuvune kwanza viazi, twende kwanza kwenye harusi ya Pauline, kisha nitaenda kwa daktari. Nilimpikia, nilimfulia, nikamwacha angoje, kwa kuwa ni mwanamume na ana lake kichwani. Alipokwenda kwa daktari, walimfungua wakamfunga hapo hapo. Siwezi kukaa tena na mtu anayengoja, Cyril. Ningekudanganya kila siku mpaka Pasaka kama ingekufanya usaini. Ningekuambia nimefika na Dorcas mwezini.

Nimelia mpaka Queenie amesikia. Ameingia bila kubisha, akaisoma barua yako iliyokuwa mezani (ndiyo, ameisoma), akacheka kwenye sehemu ya kupungiwa mkono mpaka akakohoa.

"Mama wee, kwa kasi! Nani kakwambia upungiwe?"

"Nicheke tu."

"Nakucheka, ndiyo. Unacho kiatu cha maana?"

"Ninacho kimoja."

"Mguu mmoja ama jozi? Haya, kivae. Mi hii nyonga hainiruhusu kukanyaga lango wala kusimama usukani, ila nikikaa pale mbele na mwavuli, mdomo wangu unafika mpaka nyuma. Kesho kutwa tunaondoka."

Sijui kama nitafika. Lakini safari hii sitakudanganya.

Mavis

*

Chini ya malango ya Tunley
Jumatatu, 16 Aprili

Cyril,

Kaa vizuri, mto nyuma ya mgongo. Hii ndiyo siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi.

Tuliondoka baada ya saa mbili asubuhi, kwa adabu. Queenie amekaa mbele juu ya sanduku la kamba na mwavuli mweusi, kama bibi aliyesahauliwa kwenye mazishi. Saa nzima ya kwanza niligonga kila kilichosimama. Nikitaka kwenda kulia nasukuma kulia, na Dorcas anakwenda kushoto kwa heshima zote. "Kinyume!" anapiga kelele Queenie. "We mwanamke, kila kitu kinyume! Fanya kama unamwambia mume!" Hapo nikaelewa.

Kisha mvua ikaja, na ikapita, na likatoka jua. Cyril, mvuke upo. Niliutunga pale Bell, nikaukuta kweli. Mfereji ulikuwa mweusi na umetulia, ukifuka kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na Dorcas akichechemea katikati yake, tuku, tuku, tuku, kimya, tuku. Hatukuwa na haraka, kwa sababu hakuna haraka ya kuwa nayo; mzee mmoja na mbwa wake walitupita kwa miguu. Queenie akanitupia mkate wenye jibini juu ya paa, ukaloa, nikaula hivyo hivyo. Nikajikuta naimba. Mimi, niliyekuja kukuokoa na hiki kitu! Niliona aibu kufurahi na wewe umelala huko, nikanyamaza. Kisha nikaimba tena.

Basi nikiwa kwenye wimbo tukakunja kona, na mashua zilizofungwa hizo hapo, mlolongo wote. Nilisahau. Naapa nilikuwa nimeisoma barua yako mara nne na nikasahau. Mashua ya kwanza ikaruka kwenye kamba zake, ya pili ikaigonga ya tatu, na akatoka bwana mmoja mnene, amevaa chupi na fulana, chai imemwagika kifua kizima.

"Punguza mwendo, we bibi! Unadhani uko barabara kuu?"

"Samahani, bwana!"

"Samahani itanifulia fulana?"

Queenie akamnyanyulia mwavuli, "Pole, Ketteridge! Mgeni huyu!" Naye akajibu maneno ambayo sista wako asiyasome kwa sauti. Nililia, Cyril, kama ulivyosema.

Labda ndiyo maana nilifika langoni akili haipo. Mvua ilikuwa imerudi, kubwa safari hii. Nikaingia, nikaruka ukingoni, nikafunga nyuma, nikafungua vizibo vya mbele kama nilivyoelezwa. Mstari mweupe sikuutazama. Nilikuwa nawaza fulana ya yule bwana. Maji yakashuka. Mbele ya Dorcas ikashuka. Nyuma haikushuka.

Sitausahau ule mlio wa chuma juu ya zege. Mashua ikaanza kuinama, na ndani vyombo vyako vikateleza vyote kwa pamoja. Queenie yuko mbele kabisa, chini, maji yanakaribia miguu yake, na hawezi kuruka kwa nyonga ile. Wala hakupiga yowe. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Mavis, funga vizibo. Sasa. Usikimbie, utateleza." Nikafunga. "Sasa nenda nyuma, fungua vile vya juu. Kidogo. Kidogo zaidi ya kidogo." Maji yakarudi taratibu kutoka juu, yakamnyanyua Dorcas, naye akateleza kutoka kizingitini kama mtu anayeinuka kitini bila kutaka kuonekana amechoka.

Yuko mzima. Bamba la usukani lililo chini ya maji limepinda kidogo, na leo amekuja fundi kulinyoosha. Lakini birika la kahawia la Mama limevunjika, Cyril. Ningeweza kunyamaza. Nimeviokota vipande vyote, viko ndani ya kofia yako.

Queenie alivuta sigara mbili mfululizo, kisha akasema, "Haya. Sasa umebatizwa." Kesho tunaendelea.

Mavis

*

Wadi ya Sita
Jumanne, 17 Aprili

Mavis,

Birika lilikuwa linavuja tangu vita.

Nimecheka habari za Ketteridge mpaka mashine yao ikalia na muuguzi akaja mbio. Sehemu ya lango sikucheka. Nililishika blanketi.

Pargeter ameweka karatasi kwenye kabati la kitanda na kalamu juu yake. Ni keshokutwa, asubuhi mapema. Akaniuliza ninangoja nini hasa. Nikaandika: DADA. Akaisoma, akaondoka.

Kila saa natazama dirishani.

Cyril

*

Wexley, nyuma ya ukuta wako
Jumatano, 18 Aprili, jioni

Cyril!

Nimefika! Alasiri hii, mvua inanyesha, nimelowa mpaka mifupa. Dorcas amefungwa chini ya hospitali, mbele na nyuma, fundo lako lile la kuzungusha mara mbili. Nimesimama juu ya paa nikapunga mkono kwa kila dirisha. Nikapunga kitambaa. Queenie akapunga mwavuli. Madirisha ni mengi, na hakuna aliyepunga. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alivuta pazia.

Ni lipi lako? Umeniona? Mlangoni wamenizuia, wanasema mgonjwa mwenyewe ameandika asiingie mtu. Nimemwomba bawabu akupelekee hii. Nimemuuliza kama uko hai, akasema hajui, yeye ni bawabu.

Kaka, kama ni birika umekasirikia, kasirika, lakini washa taa uizime nijue.

Mavis

*

Wadi ya Sita
Jumatano, 18 Aprili, usiku

Mavis,

Kitanda changu hakiko dirishani. Hakijawahi kuwa. Kiko upande wa pili wa jengo, na dirisha nililo nalo, ambalo ni mbali na mimi, linatazama magari ya madaktari na bomba la moshi la chumba cha kufulia. Tangu niletwe hapa sijaona hata tone la mfereji. Nilijua nikikuambia ukweli utasema basi ya nini kuileta. Kwa hiyo unaona, chokoleti hii tuliila wawili.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimelala. Mvua ilikuwa inagonga paa za magari. Nikasikia kwa mbali. Tuku, tuku, tuku, kimya, tuku. Nikamkamata Sista Kealy mkono ili asiongee, nadhani nilimuumiza. Ilikuwa inakuja kutoka upande wa kiwanda cha vyungu. Na mimi napajua pale. Baada ya kona ile kuna mashua zimefungwa mwaka mzima, bega kwa bega mpaka ukuta wa hospitali. Nikasema moyoni, sasa tuone.

Na mlio ukashuka. Ukashuka mpaka nikadhani umezima, ukabaki hapo hapo, chini kabisa, muda mrefu, mashua moja, na nyingine, na nyingine. Ulikuwa umelowa, umechoka, umekaribia kufika, na nilijua jinsi unavyotamani kumalizia kwa mbio. Hukujua kama kuna mtu anasikia. Mavis, mtu anayekwenda kuuza mashua hapunguzi mwendo hivyo. Nililia mbele ya wadi nzima, bila sauti, maana ndivyo nilivyo sasa. Kisha nikaomba kalamu.

Nimesaini.

Naogopa. Hili siwezi kuliandika kwenye kibao kwa sababu litasomwa kwa sauti. Naogopa sana kuamka na kukuta kimya, kimya tu.

Wanakuja kunichukua kesho saa moja asubuhi. Nina ombi, na ni ombi la utovu wa adabu. Saa moja hiyo, washa Dorcas. Najua nilichokuandikia. Majirani watakuja kugonga paa, na watakuwa na haki. Iache iende mpaka unadhani nimelala usingizi wa dawa. Wakiuliza, waambie ni ya kaka yako.

Umemleta Queenie na nyonga yake mpaka hapa. Mpe mkebe wa sigara ulio nyuma ya picha ya Mama.

Cyril

*

Dorcas, Wexley
Alhamisi, 19 Aprili, asubuhi

Kaka mpendwa,

Unaposoma hii umeamka, kwa hiyo naandika kana kwamba umeamka.

Niliwasha saa moja kamili. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, hakuna mtu njiani, na mlio ulisikika kama mtu anayepasua kuni kanisani. Haikupita dakika tano pazia zikaanza kufunguka. Kisha paa likagongwa, pa pa pa, kwa ngumi. Nikatoka. Ni Ketteridge. Alitutangulia Jumapili tukiwa tunamngoja fundi, na amefunga nyuma yetu hapa. Safari hii alikuwa na koti juu ya chupi.

"Wewe tena!"

"Mimi tena."

"Unajua saa ngapi hizi? Hivi wewe hufundishiki?"

Nikamwambia. Nilisema vibaya, bila mpangilio: ni ya kaka yangu, wanamkata koo sasa hivi, yuko humo ndani upande wa pili, haoni, anasikia tu. Akatazama jengo. Akanitazama. Mvua inamdondoka puani. Akageuka akaenda zake. Nikamwambia Queenie, basi, kaenda kuita polisi.

Cyril, aliwasha ya kwake.

Kisha ikawaka ya yule mama wa mashua ya kijani, na ya wale vijana wawili, na nyingine nyuma kabisa karibu na kiwanda ambayo sikuiona ya nani. Hakuna aliyetoka kunitazama. Waliwasha tu, wakaziacha ziende, mpaka saa mbili, wakati ambapo mtu anaruhusiwa. Sijui ulisikia ngapi. Queenie alikuwa amesimama juu ya paa la Dorcas na nyonga yake ile, nisijue alivyopanda, amevua kofia mvuani.

Sasa ni saa nne na hakuna aliyekuja kuniambia lolote. Nimegundisha birika la Mama. Linavuja.

Siendi popote. Nitamwasha Dorcas kila asubuhi saa mbili, kwa adabu, mpaka uniandikie nizime.

Dada yako,
Mavis